Kisigino kinauma: kiatu laini si dawa

Swali: Daktari, shikamoo. Nafundisha shule ya msingi, nasimama karibu saa sita kwa siku. Huu mwezi wa nne kisigino cha kulia kinaniuma, hasa asubuhi nikishuka kitandani, nikitembeatembea kinaachia. Eksirei imeonyesha kimfupa kimechomoza. Nimenunua raba za sponji laini kabisa, lakini naona afadhali ya jana. Nivae kiatu gani? Kuna mzee anasema atakivunja hicho kimfupa kwa kuchua.

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hizo raba ndizo zinazokurudisha nyuma. Watu wenye shida yako wakifika dukani wanabonyeza soli kwa kidole gumba, ikididimia wanalipa. Kisigino chako hakijakosa godoro. Kinachouma ni ukanda mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, unaovutwa kila ukikanyaga. Sponji ikididimia, mguu unalalia ndani, unyayo unashuka, ukanda unavutika zaidi. Saa ya kwanza ni raha, kengele ya mwisho ikilia unachechemea.

Kiatu kipime kwa mikono kwanza. Minya ukuta wa nyuma unaokumbatia kisigino: ukilegea kama kitambaa, kirudishe. Kikunje: kipinde pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kikamue kama nguo iliyofuliwa, kikijisokota, hakifai. Nyuma pawe juu kuliko mbele kwa sentimita 1 hadi 2, kwa sababu kiatu bapa kinavuta kigimbi, na kigimbi kikikaza kinavuta kisigino. Simpo na ndala zinakosa vyote hivyo. Nunua jioni, miguu ikiwa imejaa, na mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa kidole gumba.

Mtumba si mbaya, ila uweke mezani uutazame kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa soli. Ukiegemea upande, soli imeliwa na mwendo wa mwenzio. Fundi atakubandikia soli mpya, lakini ukuta uliopinda haunyooki.

Nyumbani usitembee peku kwenye saruji au vigae. Na kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu sekunde 10, rudia mara 10.

Sasa huyo mzee. Vimfupa vya namna hiyo wanavyo watu wengi wasioumwa kabisa, na hakuna mkono unaovunja mfupa kwa kuchua. Akigandamiza kwa nguvu anachubua nyama inayojaribu kupona. Wapo wanaochanja chale, wapo wanaokanyagisha watu tofali la moto. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni anaungua bila kujua. Kidonda kimoja cha kisigino kinaweza kumpotezea mguu. Hata sindano ya steroidi, ambayo ni dawa halali ya kutuliza uvimbe na maumivu, ikirudiwarudiwa inaweza kuukata huo ukanda na kuyala mafuta ya kisigino, ambayo ndiyo mto wa kweli ulionao. Anayekuahidi sindano kila mwezi mkimbie.

Na msomaji mwingine yeyote ambaye kisigino kinamuuma hata akiwa amelala, kimevimba, kina joto au ganzi, au kinauma kikiminywa pande zote mbili, asianzie duka la viatu. Aanzie hospitali.