Gomfrena, vipepeo na nyuki

Swali: Ndugu Mhariri, nimepanda maua ya gomfrena mara mbili mbele ya nyumba yangu hapa Tanga, lakini mbegu chache tu ziliota, na vipepeo niliowatarajia ni wachache. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, gomfrena, ambayo ni ya ukoo mmoja na mchicha wetu, ina mbegu zilizofunikwa na manyoya kama pamba, kwa hiyo ziloweke usiku kucha kabla ya kuzipanda, nazo zitaota baada ya wiki mbili hivi. Chagua mahali penye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji.

Kile kitufe cha zambarau tunachokipenda ni vijani vikavu kama karatasi. Maua yenyewe ni madogo mno, yamejificha katikati yake, na humo ndimo mna mbochi, yaani maji matamu ya maua, wanaoufuata vipepeo na nyuki. Panda miche mingi pamoja, na tafadhali usipulize dawa ya wadudu hata kidogo. Kumbuka pia kwamba mbochi huwalisha vipepeo waliokomaa, ilhali viwavi wao wanahitaji majani ya mimea maalumu: yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga mayai kwenye milimau na michungwa, basi usiukate mlimau wako kwa sababu tu majani yake yameliwa.