Barua kwa Mwanangu Kuhusu Gari la Kwenda Farkwa

Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza ununue lipi kati ya Noah inayovuta magurudumu yote manne na Delica Space Gear, ile gari ya familia ya Mitsubishi, ili wewe na mumeo muwachukue watoto watatu na mama mkwe wako hadi Farkwa, kule wilayani Chemba, bila kulala njiani. Jibu langu ni Delica, ila kwa masharti.

Miaka ile nilipokuwa bado naendesha, nilikwama na Noah ya namna hiyo kwenye korongo la mchanga upande wa Bahi. Nilishuka nikainama nikatazama: gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yalikuwa yakizunguka bure, na mengine mawili yametulia kama yameegeshwa. Ndivyo difu za kawaida, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, zinavyofanya. Nguvu hukimbilia gurudumu lisilo na mzigo. Delica nayo inaweza kupatwa na hayo, lakini ina wenzo wa pili kando ya gia, mfumo ule ule wa Pajero, na ukiuweka kwenye 4LLc, difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafungwa na gia zinakuwa nzito, hivyo gari linatambaa polepole bila magurudumu kuanza kuchimba mchanga. Noah za mjini hazina gia hizo. Hata Delica D:5 iliyochukua nafasi yake mwaka 2007, pamoja na utulivu wake barabarani, haina.

Ubaya ni umri. Space Gear ilianza kutengenezwa mwaka 1994, kwa hiyo ukiagiza kutoka Japani utakutana na ushuru wa uchakavu, ule wa ziada kwa magari makuukuu; afadhali utafute lililokwisha kusajiliwa hapa nchini. Nenda kulitazama asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na ukikuta mwenye gari ameshaliwasha kabla hujafika, mshuku. Fungua kifuniko cha radieta uone kama maji yana utando wa mafuta, kisha fungua cha oili. Ukikuta povu la rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imekwenda na maji yanachanganyika na oili, nawe uage kwa heshima. Gari hili likiwabeba ninyi sita kwenye mchanga, kwa mwendo wa polepole na jua letu hili, radieta ndiyo inayoteseka kwanza. Tazama pia tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawasawa.

Mchanga hautaki nguvu. Punguza upepo wa tairi hadi paundi 20 hivi, na pampu iwe ndani ya gari ili ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Lakini masika yakiwa yamekolea, ule udongo mweusi wa mbuga hauheshimu gari lolote, na mto Bubu ukiwa na maji, safari ya mama mkwe wako itasubiri wiki nyingine. Yeye amezaliwa huko, anaelewa.

Usilipe hata shilingi ya kishika nafasi kabla sijaja. Nitakuja na fundi na tochi, nilale chini yake mwenyewe, ingawa mama yako ameshaanza kunung'unikia shati.

Ni mimi baba yako.