Kabla hujahamisha sistimu kwenda diski kubwa, soma hapa

Nyie mnaoanza kazi za kompyuta, hii ya kuhamisha sistimu toka diski ndogo kwenda kubwa mtaletewa sana, na wengi mnadhani kazi yenyewe ni kukopi. Kukopi inafanya mashine bwana, ukishawasha Clonezilla, programu ya kukopi diski nzima, we kaa pembeni chezea simu. Shida iko kabla na baada.

Kwanza cheki afya ya diski ya zamani, soma SMART, ile ripoti ya afya ambayo diski inajiwekea yenyewe. Ukikuta sekta mbovu zinaongezeka usikloni (yaani kukopi diski ilivyo) kwa njia ya kawaida, itakwama katikati na kila ukirudia unazidi kuimaliza, chukua ddrescue, programu ya kuokoa data, yenyewe inabeba kwanza sehemu nzima halafu ndo inarudi kuhangaika na mbovu. Na hata kama diski haina tatizo, mafaili muhimu yapigie bakapu kwingine kabisa, maana ukigeuza chanzo na mwisho kwenye dd, amri ya Linux ya kukopi diski, haikuulizi kitu, inafuta tu.

Kloni diski nzima, sio C peke yake. Kuna kipatisheni (kipande cha diski) kidogo cha EFI chenye mafaili ya kuwashia sistimu, mara nyingi 100MB tu, ukikiacha sistimu haiwaki. Diski ikizidi 2TB, MBR, mpangilio wa zamani wa patisheni, haiwezi kuifikia yote, lazima GPT, ule mpya. Windows 10 toka toleo la 1703 inakuja na mbr2gpt ya kugeuzia, ila ukishageuza nenda kwenye BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uweke ibuti kwa UEFI, njia mpya ya kuwaka.

Sasa hapa ndo wengi mnapokwama. Umekloni, imewaka, lakini C bado ndogo vilevile na kitufe cha kuongeza kimefifia hakibonyezeki. Nafasi mpya ipo, iko mwishoni, ila katikati imekaa patisheni ya rikavari na Windows inaweza kutanua C kwenye nafasi iliyopakana nayo tu. Washa GParted, programu ya kupanga patisheni, kwa flashi, sukuma ile rikavari mpaka mwisho, ndo utanue C. Kama kuna BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, izime kabla hujaanza lolote, usubiri imalize kufungua kila kitu, vinginevyo GParted haitakusaidia na mashine inaweza kukudai ufunguo ambao mwenye mashine hata hajui kama upo. Na kwenye 1TB ataona 931GB, mweleze mapema asije akasema umemwibia, ni hesabu tu, mtengenezaji anahesabu kwa 1000 na Windows kwa 1024.

Buti ya kwanza chomoa ya zamani kabisa. Zote mbili zina utambulisho mmoja, Windows itaizima moja, na Linux inaangalia UUID, namba ya utambulisho wa patisheni, kwa hiyo inaweza kupanda kwenye ya zamani we ukidhani uko kwenye mpya, unaanza kufuta vitu kumbe unafuta orijino.

Hiyo ya zamani usiifomati leo wala kesho, iandike tarehe uiweke, mwenye mashine atumie mpya wiki kadhaa kwanza.