Kilo 49: kutoka ngumi za ridhaa hadi mkanda wa dunia

Kikomo cha uzito wa laiti-flai ni paundi 108, yaani kilo 48.99. Chini yake katika ngumi za kulipwa umebaki uzito mmoja tu, wa kilo 47.63, juu yake iko flai yenye kikomo cha kilo 50.80. Kati ya uzito mmoja na unaofuata hakuna hata kilo mbili. Bondia wa kilo 90 akizidisha kilo mbili, ni maji na chakula cha siku moja. Kwako wewe wa kilo 49 ni asilimia nne ya mwili mzima. Kwa hiyo kijana unayeanza, fahamu mapema: mbinu utafundishwa na kocha, lakini kinachoamua utafika wapi ni kupigana uzito gani, wakati gani, na nani.

Tuanze na ridhaa, maana huko mambo yamebadilika na wengi bado wanazungumzia uzito wa zamani. Kilo 48 ziliingia Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico City, zikawa 49 London mwaka 2012, na Rio mwaka 2016 ndiyo ikawa mara ya mwisho kwa wanaume. Tokyo uzito wa chini wa wanaume ulikuwa kilo 52, Paris ukawa 51. World Boxing, shirikisho la ngumi za ridhaa, nalo linaanzia kilo 50 kwa wanaume na 48 kwa wanawake. Mvulana mwenye mwili wa kilo 49 hana sababu ya kukata hata gramu moja akiwa ridhaa. Ale, ajenge misuli ya mgongo, mapaja na shingo, apigane kilo 50 au 51 kulingana na mashindano. Tunaumia kuona makocha wakiwakausha vijana wa miaka 16 ili wapate mpinzani mdogo kwenye mashindano ya mkoa. Mwili unaokua ukinyimwa chakula haurudishi kilichopotea, na medali yenyewe haimfikishi kijana popote.

Kuna sababu nyingine ya kutokukata. Kwenye mashindano ya ridhaa unapima uzito asubuhi ya siku unayopigana, na ukishinda utapima tena. Unaweza kupanda ulingoni mara nne au tano ndani ya siku kumi. Aliyejikausha kilo tatu atafaulu mizani ya kwanza, atashinda pambano la kwanza, kisha robo fainali miguu itagoma. Bondia wa ridhaa aishi akiwa juu ya uzito wake kwa kilo moja, isizidi moja na nusu.

Pambano la ridhaa ni raundi 3 za dakika 3. Ukipoteza ya kwanza, lazima uchukue mbili zilizobaki, na mpinzani analijua hilo. Ingia ulingoni ukiwa tayari umetoka jasho: dakika 15 hadi 20 za kuruka kamba, kupigana na kivuli na kupiga pedi, ukimaliza dakika chache tu kabla ya kuitwa. Jabu, yaani ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, ya kwanza ipigwe ndani ya sekunde kumi. Majaji watano wanahesabu ngumi safi iliyotua kwa sehemu ya vifundo, kichwani au mwilini. Ngumi kumi zinazogonga glovu za mpinzani hazikupi kitu hata ukumbi ukishangilia.

Lini uhamie kulipwa? Kwetu Afrika Mashariki vijana wengi wanahama wakiwa na mapambano matano au kumi ya ridhaa, kwa sababu ya posho. Maoni yetu ni kwamba chini ya mapambano 40 hujakutana na mitindo ya kutosha: mashoto, mrefu anayerudi nyuma, mfupi anayesukuma, mchafu anayekumbatia. Kuchelewa kupita kiasi nako kuna gharama. Zou Shiming wa China alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 na 2012 katika uzito huu, akaingia kulipwa mwaka 2013 akiwa na miaka zaidi ya 30, tena akiwa flai. Mkanda wa WBO, mojawapo ya vyama vinne vinavyotoa ubingwa wa dunia pamoja na WBA, WBC na IBF, aliupata mwaka 2016, lakini mwaka uliofuata Sho Kimura akamsimamisha raundi ya 11 huko Shanghai. Kasi ya kugusa na kukimbia iliyokuwa ikimpa pointi haikutosha mbele ya mtu aliyekuwa tayari kumfuata hadi raundi za mwisho.

Mfano wa karibu zaidi ni Stephen Muchoki wa Kenya. Alipata medali ya fedha ya ubingwa wa dunia wa ridhaa Havana mwaka 1974, dhahabu Belgrade mwaka 1978, na dhahabu ya Jumuiya ya Madola mara mbili. Olimpiki za 1976 na 1980 zilimpita kwa sababu Kenya ilisusia zote mbili. Aliingia kulipwa akiwa Denmark, na Novemba 1982 akapigania mkanda wa flai wa WBA dhidi ya Santos Laciar wa Argentina jijini Copenhagen. Alisimamishwa raundi ya 13, enzi ambazo pambano la ubingwa lilikuwa raundi 15. Ufundi wake hauna shaka hata leo. Angalia tu hesabu: ridhaa ni dakika 9 za kazi, ubingwa wa siku hizo ulikuwa 45, na wa sasa wa raundi 12 ni 36.

Kwa hiyo panda ngazi kwa mpangilio. Anza na raundi 4, mapambano manne hadi sita. Halafu 6, kisha 8. Usikubali pambano la raundi 10 kabla hujamaliza raundi 8 kamili angalau mara mbili, na tunasisitiza kumaliza. Rekodi iliyojaa KO za raundi ya kwanza inapendeza kwenye bango, ila haijakufundisha kupumua raundi ya saba ukiwa umechoka na mtu bado anakuja. Glovu nazo zinapungua, kutoka aunsi 10 hadi 8. Zinafika haraka zaidi, na mkono unaumia haraka zaidi. Funga bandeji ya mita 4.5, weka tabaka tatu juu ya vifundo, zungusha kiganja vizuri, na usiikaze hadi vidole vipate ganzi.

Katika uzito huu ngumi moja ya kumlaza mtu si ya kutegemea. Wanaotawala ni wenye wingi wa ngumi na wanaoshambulia mwili mapema. Ngumi ya kuzungusha ya kushoto kwenye ini, ikirudiwa kuanzia raundi ya pili, huonekana matunda yake raundi ya nane, mikono ya mpinzani ikianza kushuka. Pumzi ya kazi hiyo haijengwi kwa kukimbia kilomita 15 kila alfajiri kama wengi wanavyofanya ili kupunguza uzito. Miguu inakufa kabla ya siku yenyewe. Kilomita 6 hadi 8 za mwendo wa wastani siku nne kwa wiki, na siku moja ya mbio kali za dakika 3 mara sita, ukipumzika dakika moja kati yake, zinatosha. Kwa pambano la raundi 12, fikisha sparingi, yaani kupigana na mwenzako mazoezini, ya raundi 10 mara moja kwa wiki, wiki ya nne na ya tatu kabla ya siku, ukibadilishiwa mwenzako kila raundi tatu. Sparingi ngumu ya mwisho iwe siku 10 kabla. Kwa kuwa wa uzito wako ni wachache, utafanya sparingi na wakubwa: wasikuzidi kilo tano, na wavae glovu za aunsi 14 au zaidi. Ukiangushwa kwa KO, mazoezini au ulingoni, usipigwe kichwani kwa siku 30 angalau, na urudi kwa ruhusa ya daktari.

Sasa mizani. Ngumi za kulipwa hupimwa siku moja kabla, na hapo ndipo tamaa inapoanza. Mpango salama ni kuishi kilo 52 hadi 53 na kuanza wiki nane kabla. Punguza isiyozidi nusu kilo kwa wiki kwa kupunguza ugali, wali, sukari na mafuta, bila kugusa samaki, maharage, mayai na nyama. Protini ibaki gramu 80 hadi 100 kwa siku. Wiki ya mwisho uwe umebakiwa na kilo moja, moja na nusu, ndiyo itoke kwa maji na chumvi. WBC huweka vituo njiani: siku 30 kabla usizidi asilimia 10, yaani kilo 53.9, na siku 7 kabla usizidi asilimia 5, kilo 51.4. Tumia namba hizo hata kama hupiganii mkanda wao. Ukipigiwa simu wiki moja kabla ya pambano nawe una kilo 53, kataa. IBF hupima tena asubuhi ya pambano, na hapo bondia wa uzito huu hatakiwi kuzidi kilo 53.5.

Kujifunga nailoni na kujitoa jasho kwa lazima ni hatari. Dawa za kukojoza ni mbaya zaidi, na zimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, kwa hiyo utapoteza afya na leseni kwa pamoja. Ukishuka mizani, usimalize chupa kwa mkupuo. Changanya ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo, jumla lita moja na nusu kwa kila kilo uliyopoteza kwa jasho. Saa ya kwanza uji mwepesi na ndizi, baadaye wali na samaki. Chipsi na soda subiri ushinde.

Njia ya mkanda wa dunia hupitia ubingwa wa taifa, wa Afrika au wa kanda, kisha kuingia 15 bora za WBA, WBC, IBF au WBO. Mikanda midogo ni mingi. Kabla ya kuipigania uliza kama inakupandisha kwenye orodha, maana ada ya chama, mara nyingi asilimia 3, inakatwa kwenye malipo yako. Kocha kwa kawaida huchukua asilimia 10. Soma mkataba na mtu anayeelewa, hasa kipengele cha muda na cha kuongezwa ukiwa bingwa. Wenye nguvu katika uzito huu wako Japani, Meksiko, Ufilipino na Thailand, kwa hiyo tegemea kusafiri. Dar es Salaam na Tokyo zimeachana saa sita. Fika siku sita au saba kabla, ukiwa na mizani yako mwenyewe, na uilinganishe na mizani rasmi siku unayofika.

Fedha kubwa hapa huletwa na upinzani. Michael Carbajal wa Phoenix, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya 1988, alitwaa mkanda wa IBF mwaka 1990 kwa kumsimamisha Muangchai Kittikasem. Machi 1993 akaangushwa mara mbili na Humberto González, akainuka na kumlaza raundi ya saba, akaunganisha mikanda. Ni pambano la marudiano la 1994 lililomletea dola milioni moja, kiasi ambacho uzito huu haukuwahi kulipa kabla ya hapo.

Ukishakuwa bingwa, fuatilia mwili wako kila kambi. Kama umefuata mpango wote na bado saa 24 kabla ya mizani umezidi kilo moja na nusu, kambi mbili mfululizo, au misuli ya miguu inabana ulingoni, uzito huo umekwisha kwako. Naoya Inoue alichukua mkanda wa WBC wa laiti-flai Aprili 2014 katika pambano lake la sita, na mguu ukambana katikati ya pambano kwa sababu ya kujikausha. Disemba mwaka huohuo aliiruka flai nzima, akapanda hadi kilo 52.16 na kumsimamisha Omar Narváez raundi ya pili.