BLAST imenipa 97.4%, nimepata spishi mpya?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nasoma masters hapa Mwanza, nilichota maji karibu na vizimba vya sato nikapata koloni za njano kwenye R2A, agari ya kukuzia bakteria wa maji. Nikapeleka jeni ya 16S, ile ya kutambulia bakteria, ikasomwe, na BLAST, programu ya kulinganisha sikwensi za DNA, ikaniletea bakteria Flavobacterium kwa 97.4%. Wenzangu wanasema chini ya 98.7% tayari ni spishi mpya. Na kuna jamaa anasema nikimlipa ada kidogo jina litatoka kwenye jarida ndani ya wiki mbili. Jina nimeshalipata, nataka litokane na ziwa. Supervaiza wangu naye amekaa kimya tu. Niendelee?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo jamaa muache, nitamrudia baadaye. Swali lako mimi naletewa kila mara, inabadilika namba tu, leo 97.4 kesho 96 na ushee, na kuna mmoja alinijia na 91% akiwa ameshatengeneza mpaka poster ya kongamano. Hiyo 91 tulivyoifungua ilikuwa bakteria wawili tofauti wamekaa kwenye koloni moja, mashine imewasoma wote kwa pamoja kama redio iliyoshika stesheni mbili.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mnaponichosha. Hujaniambia sikwensi yako ina herufi ngapi. Jeni ya 16S nzima ina kama herufi 1,500, usomaji wa Sanger kwa praima moja (kipande cha DNA kinachoanzisha usomaji) unakupa 700 mpaka 900 hivi, na wengi wenu mnalipia praima moja tu kubana hela. Tuseme yako ni 800. Basi 97.4% maana yake kuna herufi kama 21 hazijalingana, ndo hizo tu, ishirini na moja. Fungua lile faili la ab1, lenye mchoro halisi wa mashine, usiishie kwenye ile ya maandishi uliyotumiwa kwa email, uangalie vilima vyenyewe, kimoja kwa kila herufi. Pale mwanzo herufi 30, 40 huwa ni vurugu tupu, na kule mwisho vilima vinalala vinapandana, mashine inaanza kubahatisha au inaandika N. Usipokata hizo ncha BLAST inaweza kuzihesabu kama tofauti, haijui kama ni uchafu. Nimeona watu wakikata tu ncha wanatoka 97 wanaingia 99.6, spishi mpya imekufa hapo hapo kwenye kiti.

Ukishasafisha, usilinganishe na kila kitu kilichomo GenBank, hifadhi ya sikwensi ya umma, mle kila mtu anaweka chake na majina mengine yamekosewa tangu siku ya kwanza. Linganisha na zile aina mama, yaani ile kalcha moja (bakteria hai wanaotunzwa maabara) ambayo jina la spishi limefungwa kwake rasmi. Tovuti ya EzBioCloud itakurahisishia hiyo kazi.

Haya, tuseme umesoma jeni nzima pande zote mbili, ni safi, na bado uko chini ya 98.7% kwa aina mama zote. Hapo sawa, ni dalili nzuri kweli, hata mimi ningefurahi. Ila ile namba iliwekwa ikusaidie kujua kama uende hatua inayofuata au usijisumbue, hukumu yenyewe iko mbele. Tena na ukiwa juu yake haimaanishi ni spishi ile ile! Hili ndo watu hawataki kulisikia. Kuna jenasi inaitwa Polynucleobacter, vidudu vidogo vya maji baridi, Martin Hahn na wenzake kule Mondsee, Austria wamehangaika navyo miaka na miaka. Mle unakuta spishi mbili 16S zao zinafanana zaidi ya 99% lakini jenomu, yaani DNA yote, ukizilinganisha haziivi chungu kimoja. Mmoja wao anaitwa Polynucleobacter victoriensis, ametoka ziwa hilo hilo unalochota wewe, kwa hiyo hata jina la ziwa umeshawahiwa kwenye jenasi ile, ingawa kwenye Flavobacterium ni hesabu nyingine.

Hukumu iko kwenye jenomu nzima. Ukilinganisha na aina mama za jirani, ANI (wastani wa kufanana kwa herufi za jenomu) ikiwa chini ya 95 mpaka 96%, na ile DDH ya kompyuta (kipimo kingine cha kufanana kwa DNA) chini ya 70%, hapo sasa tunaongea. Benki ya kalcha ya DSMZ, Ujerumani, wana tovuti inaitwa TYGS, unapakia jenomu bure kabisa inakupa majibu na mti wa ukoo juu. Halafu bado kuna kazi ya mikono, asidi za mafuta, joto, chumvi, na aina mama za jirani unazikuza pembeni siku hiyo hiyo kwenye agari hiyo hiyo. Leo hii, kabla hujalala, dondoshea koloni moja KOH (potasiamu haidroksidi) ya 20%, njano ikigeuka nyekundu ya tofali una fleksirubini, rangi ya njano ya bakteria hao, dalili inayokuja sana kwenye ukoo huo. Na tafadhali usiniletee API 20E, zile kiti za vipimo vya kutambua bakteria, zilitengenezwa kwa bakteria wa hospitali, ukiipa kidudu cha ziwani itakutajia jina bila aibu.

Turudi kwa jamaa wa wiki mbili. Ili jina likubalike, kalcha hai lazima iwekwe kwenye benki mbili za kalcha zilizo nchi mbili tofauti, zikupe vyeti, na jina litoke IJSEM, jarida rasmi la majina ya bakteria, au liingizwe kwenye orodha yao ya uthibitisho. Benki yenyewe kuikuza kalcha yako kuhakikisha iko hai na ndiyo uliyosema wewe, hizo wiki mbili zimeshaisha. Na kalcha haitoki Tanzania kwenye begi la mtu, kuna kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na makubaliano ya kuhamisha sampuli, anza kufuatilia sasa. Anachokuuzia ni karatasi yenye jina ambalo kisheria halipo.

Mnaniona mkali lakini majina haya yana watu nyuma yake. Flavobacterium columnare, yule anayeozesha mashavu ya sato, mwaka 2022 alipasuliwa akawa spishi nne, mmoja akapewa jina oreochromis kwa sababu ya samaki huyo huyo wa vizimbani kwako. Kwa hiyo karatasi ya zamani ikisema columnare huna uhakika ni yupi kati ya wanne. Sasa nenda kwenye maduka ya pembejeo uone chupa za "bakteria wazuri" wa mabwawa, imeandikwa Bacillus, muulize muuzaji walimtambuaje, atakwambia 16S, 99.9%. Bacillus cereus anayetapisha watu, thuringiensis anayeua wadudu, na anthracis wa kimeta, 16S zao karibu ni kitu kimoja! Hiyo 99.9 haijakwambia chupani kuna nani, na mfugaji anamimina kwenye maji ambayo jioni watoto wanaoga. Nilishamuuliza mmoja jenomu iko wapi, akanionyesha cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu.

Kuhusu supervaiza kukaa kimya, pengine ameshaona hiyo ab1. Wewe chora upya mara tatu kwenye R2A upate koloni moja kweli, weka tyubu mbili za gliseroli kwenye friza ya -80 kwenye friza mbili tofauti maana umeme wenu naujua, kisha nitumie faili la pande zote mbili nilione.