Maswali Yenu: Herufi Zinazoota Ndevu na Dhahabu Iliyogeuka Kijani

Najifunza khati ya nastaliki ya Waajemi. Kalamu nimeichonga kwa tete la ziwani, wino ni masizi na gundi ya mgunga. Kwenye karatasi ya fotokopi kila herufi inaota ndevu, wino unatambaa pembeni. Kosa ni la kalamu? – Msomaji, Kisumu

Kalamu haina kosa, mradi tete ni kavu na ganda lake gumu. (Mafunjo usijaribu, ndani ni sponji tupu.) Kosa ni karatasi. Waajemi hawakuandika juu ya karatasi iliyo uchi, waliivika kwanza.

Chemsha wanga wa mahindi, kijiko 1 kwa kikombe cha maji, upate uji mwepesi. Paka, anika kivulini. Kisha chukua ute wa mayai, ukoroge kwa kipande cha shabu mpaka ufure povu, uuache hadi povu lirudi majimaji, uuchuje kwa kitambaa. Paka matabaka 2 membamba, la kwanza likauke kabla ya la pili. Halafu sugua kwa jiwe laini la akiki au mgongo wa kauri ya baharini kabla wiki haijaisha. Ukichelewa, ute hukakamaa na kupasuka chini ya jiwe. Ukipaka nzito, hupasuka vilevile.

Faida yake kubwa ni hii: wino hukaa juu ya ute bila kuingia kwenye nyuzi, kwa hiyo ukikosea unafuta kwa pamba yenye unyevu. Wino ukichafua vidole hata baada ya kukauka, gundi ni chache, ukinata, imezidi. Kwenye kidau cha wino tia nyuzi za hariri, kalamu isichote wino kupita kiasi.

Na kama ulianza na naskhi, khati ya msahafu, zoea herufi alifu iliyo fupi: katika nastaliki urefu wake ni nukta 3 tu, nukta ikipimwa kwa upana wa ncha ya kalamu yako mwenyewe.

Nakshi zangu za dhahabu zimegeuka kijani. – Msomaji, Nakuru

Ulipaka unga wa shaba, ambao huliwa na hewa na unyevu. Dhahabu halisi haibadiliki. Kama bei inakushinda, tafuta rangi ya dhahabu iliyotengenezwa kwa ulanga (mika), madini yanayometameta. Maandishi yatangulie, dhahabu ifuate na isuguliwe, ndipo buluu na rangi nyingine. Ukisugua baada ya rangi, jiwe litazikwangua.