Je, fundi mwenye uzoefu wa miaka 12 aanze chuo upya?

Hapana, kaka. Umeuliza kama shemeji yako anayechomelea mageti pale Kibuye, Kisumu, lazima aanze chuo pamoja na watoto waliotoka shule juzi. Halazimiki. Kuna utaratibu wa kutambua ujuzi alionao mtu tayari, hata kama aliupata jua kali, na unasimamiwa na KNQA, mamlaka ya Kenya ya kusimamia sifa za kitaaluma, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Anapimwa kazi yenyewe, haulizwi alisomea wapi.

Aanze leo kukusanya ushahidi: picha za kazi zake, risiti za vyuma, barua za wateja, hata ya yule aliyemsimamia akijifunza. Mimi nilipopimwa, mkaguzi aliinama akapitisha kidole kwenye mshono wa chuma, kisha akaniuliza kwa nini nilipunguza moto pale kwenye bati jembamba. Kwa hiyo ajizoeze kueleza kazi kwa mdomo. Mafundi wengi wazuri hukwama hapo, na inaniuma sana.

Njia nyingine ni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya III hadi ya I. Wana kituo hapo hapo Kisumu.